Chai ya Saa Nne, Temeke

Nimehamahama sana, lakini kila nikinusa vitumbua nairudia maabara ya Temeke, enzi za Ujamaa. Nilikuwa nimetoka sekondari, na kazi yangu ilikuwa kusikiliza mioyo ya sungura waliopewa dawa ya mizizi. Daktari wetu, mama aliyeihangaikia dawa ile miaka mingi, alitaka kuhakikisha haidhuru moyo kabla ya kumpa mtu.

Kwetu mioyo ilitulia. Maabara ya Kinondoni, kwa dawa ileile, walisema ilikwenda mbio.

“Hebu kawaangalie wanavyofanya,” daktari akaniambia.

“Karibu, ndugu wa Temeke,” walinitania kule. “Umekuja kujifunza kuhesabu?”

Wakanipa chai na vitumbua. Walikunywa kwanza, ndipo wakawapa sungura dawa na kusikiliza palepale. Sisi tulikuwa tukiwapa dawa, tunakwenda kunywa chai, halafu ndipo tunasikiliza.

Nilipomweleza daktari, alisema huenda mbio zile huisha sisi tukiwa kwenye chai. Kesho yake hakuna aliyegusa birika. Sungura wengine tuliwapa dawa, wengine maji matupu, tukasikiliza palepale. Wa maji walitulia. Wa dawa, mioyo ilikimbia hata sikuweza kuifuata vizuri.

“Sikiliza tena.”

Nikasikiliza. “Bado inakimbia, mama.”

Akavua miwani, akakaa nayo mkononi. “Basi hii hatumpi mtu.”

Kisha akamimina chai iliyokwisha poa, akanipa mimi kikombe cha kwanza. “Kunywa, mwanangu. Kuanzia leo tutakunywa saa wanayokunywa Kinondoni.”