Wifi na Kanyagio Lake

Wifi yangu, mke wa kaka, ni mbishi tangu tumboni mwa mama yake. Ni fundi cherehani, na mtaani wanamwita Pindo, maana pindo aliloshona yeye halifumuki. Miaka yote ameshona pekupeku. Anasema uzi ukitaka kukatika, unyayo unajua kabla ya jicho.

Kisukari kilipomwingia alimeza vidonge bila kelele. Ganzi ya miguu akatuficha. Siku moja nikifagia chini ya cherehani nikaona damu kwenye kanyagio. Sindano ilikuwa imezama unyayoni, naye anaimba.

"Wifi, huumwi?"

"Niumwe na nini?"

Niliogopa mpaka nikamfokea.

Kliniki, nesi alimwambia afumbe macho, aseme "ndiyo" kila akiguswa unyayo na uzi wa nailoni.

"Ndiyo," alisema wifi. Mkono wa nesi ulikuwa bado hewani.

Nesi hakucheka. "Mama, sukari imeharibu neva. Kidonda hiki kikioza, mguu tunaukata. Mpaka kipone, usikanyage cherehani. Na pekupeku, basi tena."

Kaka akaleta mtu wa kununua cherehani, wifi akiwa amekaa palepale, mguu juu ya kigoda.

"Uza kwanza kitanda chako," wifi alimwambia.

"Sikio la kufa halisikii dawa!"

"Sikio langu linasikia, mume wangu. Kiziwi ni mguu."

Mnunuzi aliaga mwenyewe. Kidonda kilipokuwa kikipona, wifi alizungusha gurudumu kwa mkono, polepole, akitukana. Kilipofunga alivaa viatu vya kufunika vidole, akashona pindo la kwanza lililopinda maishani mwake. Alilia, nilimwona. Kisha akalifumua, akaanza upya.

Siku hizi kila asubuhi hulaza sakafuni kioo cha wateja, akavua viatu na kukagua nyayo zake, kidole kwa kidole. Juzi bibi harusi mtarajiwa alisimama mlangoni na gauni mkononi, akiguna.

"Fundi, nina haraka! Nataka kujitazama."

"Subiri, mwanangu. Kioo hiki kwanza ni cha mwenye duka."

Akainamia mguu wake, akaupiga kofi ambalo yeye hakulisikia, sisi tulilisikia.

"Ninyamazie utakavyo," akauambia. "Huendi popote bila mimi."