Mganga Aliyetoa Salamu

Nyange Shaame wa Kiuyu, Pemba, aliigiza filamu nyingi Dar es Salaam, na katika zote alikuwa mganga. Kila alipofungua mdomo, waongozaji walisikia lafudhi yake ya Kipemba wakachekelea: huyu ndiye! Wakamfunga shuka nyekundu, wakamtundika hirizi, wakamwambia atoe macho. Yeye alitamani kuigiza baba, mwalimu, hata mtu anayenunua mkate tu. Wapi! Mamake, Bi Mgeni, hakutazama hata filamu moja. "Siku ntapokuona wewe, si shetani huyo, ndipo ntatizama," alimwambia.

Mwaka huu wapiga filamu walivuka bahari hadi Kiuyu kwenyewe. Wazee na kina mama wa kijijini wakapangwa uani juu ya mikeka, Bi Mgeni akiwa miongoni mwao (alivutwa na umbea, tusidanganyane). Wakaelezwa kwamba mganga atatokea mlangoni kimya kimya, nao wapige mayowe na kukimbia.

Nyange akatokea, pembe kichwani, uso umepakwa masizi. Akakutana na macho ya wazee waliomlea. Ataingiaje mbele ya watu wazima bila neno? Ulimi ukamtangulia.

"Asalamu alaykum."

"Waalaykumu salamu!" ua mzima ukaitikia. Hakuna aliyekimbia. Watu walisogea wakampa nafasi mkekani.

"Kaa kitako, ntoto wangu," alisema Bi Mgeni.

Mwongozaji alifoka mpaka sauti ikamkauka, kisha akamwita Nyange ajionee kosa lake kwenye skrini.

Nyange akatazama. Subhanallah! Miaka yote alijiona kwenye filamu, lakini uso huu hakuwahi kuuona. Chini ya masizi alikuwamo marehemu babake, anaingia nyumbani kutoka shamba. Machozi yalimtoka mbele za watu, wala hakuyafuta.

"Tunarudia," mwongozaji akasema. "Safari hii ingia kimya."

Nyange akavua pembe, akaziweka juu ya kiti taratibu. "Siwezi tena, ndugu yangu."

Filamu ilitoka na mganga mwingine. Mpiga kamera alimtumia Nyange kile kipande kilichoharibika, naye akamtilia mamake kwenye simu. Bi Mgeni hukitazama kila baada ya alasiri, na kila mwanawe anapotoa salamu, yeye huacha anachofanya akamwitikia.