Saa Tisa ya Baba

Baba yangu aliendesha watalii kwenda kreta kutazama wanyama kwa zaidi ya miaka thelathini, na katika muda wote huo hakuwahi kusahau tairi la akiba, jeki wala kamba ya kuvutia gari. Alijiandaa kwa kila kitu: tope la mteremko, kifaru mwenye hasira, Mzungu mwenye kisukari. Kitu kimoja tu hakutaka kukisikia, nacho ni wosia. Ukitaja neno hilo mezani aliweka kijiko chini na kukuuliza kama umemchoka. "Usinichulie," alisema, na mlo ukaishia hapo.

Mimi ni binti yake wa kwanza, nina duka la vifaa vya umeme hapa Karatu mjini, na subira sikujaliwa. Nilimwambia waziwazi kwamba hati ya kiwanja ina jina lake peke yake, kwamba nyumba ile mama ameijenga pamoja naye, na kwamba ndugu zake wa Kilimanjaro hawajawahi kumkubali mama. Akijiondokea bila maandishi, mama atatolewa nje na masufuria yake. Akanijibu kwamba ameshaandika kila kitu na kukiweka mahali salama. Nikauliza wapi. Akacheka, akasema akiniambia hapatakuwa salama tena.

Asubuhi moja, akiwa anapaka siagi kwenye mkate, mkono wa kulia ukamgomea na siagi ikaenda shavuni. Mama alidhani anatania, maana isingekuwa mara ya kwanza, akacheka. Kicheko hicho kinamuuma mpaka leo. Kilikuwa kiharusi. Hospitalini waliwahi kumwokoa, lakini alipofumbua macho maneno yalikuwa yamempotea. Moja tu lilibaki, na alilitamka huku amemkazia mama macho: "Saa tisa."

Siku ya tatu akafika baba mkubwa, kaka yake baba, na mkungu wa ndizi begani. Kabla hajakalia kiti alishaanza kueleza jinsi ukoo utakavyoisimamia nyumba, na jinsi mama atakavyotafutiwa chumba kule mlimani ili asipate taabu. Mgonjwa wakati huo alikuwa anapumua vizuri tu, tena kwa kelele. Mama alisikiliza ameshika tama. Baba mkubwa akauliza hati iko wapi, na hapo wote tukawa wapole, kwa sababu hatukujua.

Ikabaki ile saa tisa. Kila siku alasiri, saa tisa kamili, tulikusanyika kitandani kama watu wanaosubiri taarifa ya habari. Mama alileta uji, akidhani ndiyo njaa yake. Mdogo wangu alileta dawa, akidhani manesi wamesahau. Baba alitutazama mmoja mmoja, akafumba macho kwa kukata tamaa.

Siku ya tano akili yangu ikafunguka, au hivyo ndivyo nilivyojisifu. Madereva wa watalii huonyesha wanyama kwa uso wa saa: kumi na mbili ni mbele ya gari, tatu ni kulia, tisa ni kushoto. Basi nikarudi nyumbani kupekua kila kilichokuwa kushoto. Niliinua godoro upande wa kushoto, nikang'oa ubao wa dari kushoto kwa sebule, nikabomoa banda la kuku lililo kushoto kwa geti. Nilipata tochi iliyopotea zamani na mayai mawili. Baba mkubwa alinifuata mikono nyuma, akisaidia kwa maoni.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja wa kijiji cha Buger, dereva mwenzake baba wa miaka yote, aliyekuja kumjulia hali. Nilipomsimulia alicheka mpaka akashika chuma cha kitanda.

"Mwanangu, hiyo ni ya Wazungu," akasema. "Sisi kwenye redio za magari tunaongea Kiswahili. Saa tisa mshale unakaa wapi? Kwenye tatu. Ni kulia."

Nikamuuliza, kulia kwa nini?

"Kulia kwa dereva. Baba yako maisha yake yote amekaa wapi?"

Gari lake la zamani lilikuwa nyuma ya nyumba, juu ya mawe, halina hata tairi. Kulia kwa dereva ni mlango wake mwenyewe. Nililegeza skrubu za bitana ya mlango huku mama amesimama nyuma yangu, na ndani mkawa na bahasha ya plastiki. Hati ilikuwemo. Ilikuwemo pia karatasi yenye kichwa WOSIA kwa herufi kubwa, na chini yake: "Mimi, nikiwa na akili timamu, nikifa," kisha basi. Mkato na karatasi nyeupe. Nilikasirika kiasi cha kuupiga mlango teke, halafu nikakaa chini nikalia.

Maneno yake yalichukua miezi kurudi, na yaliyotangulia yalikuwa ya Kiingereza: alimkaribisha nesi kreta na kumwomba asishuke kwenye gari. Kiswahili kiliporudi, daktari akaandika kwamba akili yake ni nzima, nami nikaleta wakili nyumbani siku hiyohiyo. Mzee wa Buger alikuja kuwa shahidi. Baba mkubwa alidai yeye ndiye shahidi wa kwanza kusaini. Wakili akamweleza kwa upole kwamba shahidi haruhusiwi kurithi. Baba mkubwa akaweka kalamu chini, akaona wote tunamtazama, akaiokota tena.

Kabla ya kuanza, wakili aliishika ile karatasi ya zamani na kumuuliza baba mbona aliishia njiani. Baba alimtazama mama, akajibu neno moja moja.

"Kila nikiandika nikifa, namuona huyu analia. Naacha."

Nilidhani mama ataangua kilio hapohapo. Alimsogezea mto mgongoni, akamfuta mdomo, akaketi.

"Andika, mzee," akamwambia. "Kulia nitalia. Lakini nilie nikiwa kwangu."