Baiskeli Iliyolala Chumbani

Kwa miezi miwili nililala chumba kimoja na mume wangu na baiskeli yake, na kati ya hao wawili aliyenipiga mateke ni baiskeli. Pedali ya kushoto ilinichubua muundi mara tatu. Lakini niliiingiza humo mwenyewe, kwa mikono yangu, na sijuti.

Mume wangu ni fundi baiskeli. Mtaa mzima unamwita Leoleo, maana mafundi wengine watakuambia njoo kesho, na kesho yao haina mwisho. Yeye ukimletea baiskeli asubuhi, jioni unaipanda. Kasoro yake ni moja. Kwa miaka kumi na moja alikuwa akijiundia baiskeli ya safari, akaitundika kwenye kulabu mbili juu ya meza yake ya kazi, na hiyohiyo ikawa stoo ya vipuri. Mteja akikosa breki, breki inashuka kutoka juu. Akikosa mnyororo, mnyororo nao unashuka. Kuna mwaka ilibaki fremu tupu, kama mbuzi aliyechunwa. "Nitatafuta vingine," ananiambia. "Safari si mwakani?" Kinyozi hajinyoi, hilo nilijua tangu zamani. Huyu wangu alikuwa akijinyoa na kuwagawia watu nywele.

Safari yenyewe ni ya kwenda kwa kaka yake, anayeishi upande wa pili wa nchi, kilomita mia tisa na ishirini. Kaka ndiye aliyemfundisha kuendesha, akikimbia nyuma ameshika tandiko, na siku alipoachia hakumwambia. Wakaahidiana tangu utotoni kwamba mkubwa akihamia mbali, mdogo atamfuata kwa baiskeli. Kila simu ya kaka ilikuwa ikiishia palepale: "Ukija kwa basi, lala hukohuko stendi."

Mwaka huu alipiga akaniomba mimi.

"Shemeji, macho yanakwenda. Daktari kasema mwaka hauishi nitakuwa naona mwanga tu. Mwambie huyo mtu wako aje. Nataka nimwone anavyoshuka."

Nilimweleza mume wangu akiwa anakula. Aliweka kijiko chini, akatazama ukuta. Mara hii hakusema mwakani, nami roho iliniuma kumwona vile.

Jioni ileile nikamtolea uvivu. "Kuanzia leo baiskeli inalala ndani. Ukitaka kuigusa, uniombe mimi."

"Na wateja?"

"Wateja wana macho mazuri."

Basi akaiunda upya, kati ya kitanda na kabati, nami nikashona mifuko miwili ya turubai ya kuning'inia nyuma. Kila Jumamosi alifunga madumu mawili ya maji akapanda nayo kilima cha shule ninayofundisha chekechea. Akifika juu anamwagilia miche ya shule, maana haoni sababu ya kushuka na maji. Wiki ya kwanza alirudi anatembea kama bata. Wiki ya sita alirudi anapiga mluzi. Njia yote aliichora nyuma ya kalenda ya mwaka jana: siku kumi na tatu, moja ya kupumzika, na kila pa kulala pameandikwa kwa penseli.

Siku ya kufungasha, mfuko wa kwanza haukuinuka. Nikaufungua. Ndani mlikuwa na nyundo, spana kumi na nne, na jiliwa, lile lile la kubania vyuma mezani.

"Baba watoto, jiliwa la nini?"

"Labda nitamkuta mtu kakwama njiani."

"Hicho ndicho ninachokiogopa. Utaitengeneza nchi nzima, ufike kwa kaka yako kwa miguu, na fimbo mkononi."

Alicheka mpaka akakaa chini. Tukabakiza spana tatu, tyubu mbili, viraka na pampu.

Asubuhi ya kuondoka alikuwa ameshakaza kamba ya mwisho, na tayari kuna mwanga, alipotokea mama muuza maziwa akikokota baiskeli yake yenye makopo mawili. Gurudumu la nyuma lilikuwa limepinda vibaya. Shimo la barabarani.

"Fundi, nisamehe, najua unaondoka. Ila maziwa haya jua likitoka yameharibika."

Mume wangu alilitazama gurudumu, kisha akalitazama la kwake, jipya, saizi ileile. Nikaona mkono unakwenda kwenye spana. Ule mkono ninaujua miaka thelathini na minne.

"Usithubutu," nikasema.

Akaurudisha. "Kulinyoosha hili ni nusu siku," akasema polepole. "Nikitoka mchana sifiki pa kulala. Basi, nitaondoka kesho."

Leoleo akasema kesho! Nilimchukia yule mama, ambaye hakuwa na kosa lolote, na nilijichukia kwa kumchukia. Niliogopa. Nilijua kesho atakuja mwingine na mnyororo, keshokutwa mwingine na breki, na kaka atabaki na mwanga tu.

Baiskeli yangu ya kwendea shule, magurudumu saizi ileile, ilikuwa imeegemea ukuta.

"Toa langu," nikasema.

"Na wewe je?"

"Nina miguu. Toa kabla sijaghairi."

Hakuchukua dakika kumi. Mama wa maziwa aliondoka akishukuru mpaka alipokata kona, na mume wangu akaondoka nyuma yake, akayumba kidogo kwa mzigo, kisha akanyooka. Baiskeli yangu yenye gurudumu moja nikaiingiza chumbani, nikaanza kupanda kilima kwa miguu. Nusu ya njia nikampigia kaka.

"Shemeji, basi limetoka saa ngapi?" akauliza.

"Basi gani? Yuko barabarani anakanyaga pedali."

Nikamsikia akivuta kiti.

"Siku ngapi?"

"Kumi na tatu."

"Haya," akasema. "Macho nitamtunzia."