Sikio la Kushoto la Mwalimu Nzunda

Majivu yaliyolowa yana harufu yake, na mtu ambaye hajawahi kuzima moto wa kuni kwa maji hawezi kuijua. Si harufu nzuri. Inakwaruza koo, inanuka udongo wa mvua ya kwanza na chuma kwa pamoja. Juzi mke wa mwanangu alimwaga maji mafigani, mvuke ukapanda, nami niliyekuwa nimekaa mlangoni nikichambua kahawa nikajikuta nimesimama, magoti yangu mabovu yamekunjwa, mkono mmoja uko mbele. Akaniuliza, "Mama, unataka kwenda wapi?" Nikamwambia, "Sijui, lakini nikiondoka hapa hamnipati."

Alicheka. Hakujua kwamba uwanja wetu wa shule ulichorwa kwa majivu. Chokaa ilikuwa ya kanisa na ya nyumba za Wazungu wa misheni. Sisi wanafunzi wa shule ya kati tulikusanya majivu ya majiko yote ya bweni, tukayakoroga na maji kwenye debe, na Mwalimu Nzunda akatembea kinyumenyume akiyamwaga, mistari ikanyooka utadhani imepimwa kwa kamba.

Mwalimu Nzunda alitufundisha hesabu na michezo, huko Mbozi, enzi za Mwingereza, vita kuu ya pili ikiwa bado inazungumzwa kama jambo la jana. Yeye alikwenda nayo mpaka Bama, huko Asia, akiwa askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, akarudi na koti zito la kijeshi, kikombe cha bati, na sikio la kushoto lililouawa na kishindo cha bomu. Sikio hilo lilikuwa na mambo yake. Ukimnong'oneza upande huo kwamba chakula kiko tayari, lilisikia. Mkuu wa shule akilijia na karipio, lilikuwa limekufa kabisa. Wakubwa walibaki wanahema tu, na Mwalimu anawatazama kwa heshima zote, kichwa kimeinama kidogo upande wa kushoto, anasubiri wamalize.

Alikuwa na mabinti wengi na hakuwa na mtoto wa kiume, na jambo hilo halikumkosesha usingizi hata kidogo. Jumamosi ungemkuta barazani kwake amembana mmoja wao katikati ya magoti, anamsuka nywele kwa mikono ileile iliyoshika bunduki. Wanaume waliopita njiani walisema Keya imemharibu. Yeye aliwaitikia salamu, akaendelea kusuka. Mkewe tulimwita Mama Yustina, ingawa kati ya mabinti wale hakuwamo Yustina. Watoto hatuulizi mambo kama hayo. Ng'ombe wake walikamuliwa kila asubuhi na mabinti wakanywa maziwa mpaka wakang'aa mashavu, lakini yeye alikunywa chai kavu, bila maziwa. Tulimtania kwamba huko Bama alizoea maisha ya taabu. Alitabasamu, akapuliza chai yake.

Mimi nilikuwa na mbio. Nasema hivyo bila aibu, kwa sababu katika maisha yangu nimesifiwa kwa mambo mengi ambayo sikuyastahili, na hili nililistahili. Jioni, baada ya kuchota maji, Mwalimu alitupanga wasichana kwenye mstari wa majivu, yeye na fimbo yake pembeni, na kila mmoja wetu alipogeuza shingo kumwangalia mwenzake alipiga kelele, "Macho mbele! Nyuma umeshapajua!" Nakumbuka mpaka mkwaruzo wa sauti yake. Nimejisemea maneno hayo mahali pengi ambapo hapakuwa na uwanja.

Sasa niwaambie lililotokea. Nilipokuwa darasa la sita, jembe jipya liliingia nyumbani kwetu Igamba. Kwa watu wa kwetu wakati ule, jembe la posa likipokelewa na kuingizwa ndani, binti ameshakuwa wa watu. Nyuma ya jembe wakaja ng'ombe. Mposaji alikuwa mtu mzima aliyekuwa akifanya kazi kwenye migodi ya shaba ya Kopabelti, ng'ambo ya mpaka. Mimi nilimjua kwa picha tu, amesimama kando ya baiskeli ambayo sina hakika kama ilikuwa yake. Baba yake, Mzee Sikanyika, alikuwa na mifugo mingi upande wa Tunduma. Baba yangu aliuza ng'ombe mmoja papo hapo akanunua mabati, na nyumba yetu ikawa ya kwanza kung'aa kijijini. Nikaambiwa nitamaliza mwaka ule wa shule, kisha basi.

Na tangu siku lile jembe lilipoingia, nilikuwa na mkwe. Vijana wa leo wakiambiwa habari ya kumheshimu mkwe wanadhani ni kupiga goti na kusema shikamoo. Afadhali ingekuwa hivyo! Baba mkwe hakutazamwa. Ukimwona njiani anakuja, uliingia majanini, ukampa mgongo mpaka apite. Sauti yako asiisikie, uso wako asiuone. Binti aliyevunja mwiko huo aliwaletea wazazi wake fedheha, na waliotoa ng'ombe walikuwa na haki ya kuja kuwachukua tena.

Siku ya michezo ilikaribia. Walialikwa wazazi, wazee, na Bwana Shauri mwenyewe, yule Mzungu mkuu wa wilaya, kutoka bomani. Mshindi wa mbio za wasichana angepelekwa Mbeya kukimbia na shule nyingine. Jioni ya kuamkia siku hiyo Mwalimu Nzunda aliniita pembeni ya uwanja, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ya kufokea mtu.

"Sekela," aliniambia, "kesho mwisho wa mstari utaona watu. Ukitaka kugeuka, geuka. Mimi sitakuuliza, na hakuna atakayekupiga. Ukitaka kufika, fika."

Nilidhani ananitia moyo tu, kama walimu wafanyavyo.

Kila mwaka mabenchi ya wazee yalipangwa juu, ukutani pa kanisa, penye kivuli. Asubuhi ile tuliyakuta chini kabisa, kwenye jua, nyuma tu ya mstari wa kumalizia. Wazee walikaa wakinung'unika, wamefunika vichwa kwa leso. Mkuu wa shule alikwenda kumwuliza Mwalimu ni nani aliyefanya upuuzi ule. Kwa bahati mbaya yake alimwendea upande wa kushoto. Mwalimu aliinamisha kichwa, akasikiliza kwa adabu, kisha akaenda kuangalia kamba ya kuruka juu.

Tulipopangwa kwenye mstari wa kuanzia niliinua macho nikaona kofia. Ilikuwa kofia ya kijivu ya Kizungu, ambayo kila mtu alijua imetumwa kutoka migodini. Chini ya kofia, benchi la mbele, katikati, alikaa Mzee Sikanyika.

Wenzangu nao walimwona, na mmoja aliyenipenda akaninong'oneza, "Sekela, jisingizie tumbo." Upande wa kulia palikuwa na shamba la kahawa. Hatua chache tu, ningeingia mle nikakaa mpaka watu watawanyike, na kila mtu angesema nimelelewa vizuri. Nilimtafuta Mwalimu kwa macho. Alikuwa amesimama mbali, amenipa mgongo. Hata yeye hakutaka kuniamulia. Nilikasirika. Nilimkasirikia yeye, na baba na mabati yake, na yule mtu wa baiskeli, na ile kofia iliyokuja kukaa mahali pangu pa kufikia. Ile hasira ilikuwa tamu, wasomaji wangu, sijawahi kuonja kitu kitamu namna ile.

Firimbi ililia, nikakimbia.

Sikumbuki wenzangu walikuwa wapi. Nakumbuka kofia inakua. Nakumbuka akina mama wa kwetu upande wa kushoto, kelele zao zikikatika moja baada ya nyingine walipoelewa ninakoelekea, mpaka nikawa nasikia nyayo zangu peke yake. Nilipita juu ya majivu nikashindwa kusimama, nikaenda kukwama mbele ya benchi, magoti yangu karibu yaguse yake.

Ningeweza hata wakati ule kufunika uso. Sikufunika. Nilimtazama. Alikuwa mzee wa kawaida tu, ana makovu ya ndui mashavuni, jicho moja linamtoka machozi kwa sababu ya vumbi. Nikasema, kwa sauti ya kusikika mpaka kanisani, "Shikamoo, baba!"

Aliruka kama aliyekalia siafu. "Awe! Awe! Mwana gani huyu? Nimenunua kichaa mimi?" Akafunika uso kwa kofia yake yeye mwenyewe, maana lazima mmoja wetu afunike, akaondoka akijikwaa kwenye mabenchi. Bwana Shauri, ambaye hakuelewa hata chembe, alisimama akapiga makofi kwa nguvu. Akapiga peke yake.

Nyumbani hapakuwa na makofi. Baba alikuwa mtu mpole, na hasira ya mtu mpole ni mbaya kwa sababu hajui aiweke wapi. "Umenivua nguo mbele ya watu," alisema, akarudia, akarudia tena. Siku zilizofuata ulikuja ujumbe kutoka Tunduma: warudishe ng'ombe wote, na jembe, au binti apelekwe na mbuzi wa kuomba radhi na arusi ifanyike mara moja. Wote wasingeweza kurudi. Mmoja alikuwa juu ya vichwa vyetu, amekuwa mabati. Mama alianza kumtafuta mbuzi. Nililia, lakini niliapa nikilia kwamba wakinipeleka nitamsalimia mzee yule kila asubuhi, mbele ya wageni.

Ndipo Mwalimu Nzunda alipotokea njiani na koti lake la jeshi, mkewe nyuma, wanaswaga ng'ombe jike mwekundu. Walimfunga kwenye mti wa ua wetu. Baba alitoka nje akamtazama ng'ombe, akamtazama Mwalimu.

"Mwalimu, huyu si binti yako."

Mwalimu aliinamisha kichwa upande wa kushoto.

"Nasema huyu si binti yako! Mambo ya nyumba yangu yanakuhusu nini?"

"Ana mimba," alisema Mwalimu, akimpapasa ng'ombe mgongoni. "Ukimpeleka, mpeleke polepole."

Walikunywa maji, wakaaga, wakarudi. Jembe na ng'ombe walikwenda Tunduma wiki ileile, na mimi nikarudi shuleni. Mbeya nilikwenda, nikatoka patupu. Wasichana wa huko walikuwa na miguu kama swala. Lakini nilisoma, nikawa mwalimu, nikaolewa na mtu niliyemtazama usoni kwanza, tena kwa muda mrefu, mpaka akaona haya.

Kwa miaka mingi nilisimulia kisa hiki kama kisa cha ujasiri wangu. Mwalimu alikuwamo kama mtu mwema aliyekuja mwishoni na ng'ombe. Alipofariki nilikwenda kukaa na Mama Yustina, naye mzee tayari, tukawa tunachambua maharage. Nikamwambia, kwa kuchekesha, jinsi bahati mbaya ilivyowaweka wazee juani siku ile.

"Bahati?" alisema. "Mabenchi yale tuliyabeba mimi na yeye, kabla hakujapambazuka. Mgongo uliniuma wiki nzima. Alipoona kofia imekaa katikati alisema, sasa mtoto ana nafasi ya kuchagua."

Kisha nikamwuliza lile swali ambalo watoto hatukuuliza. Yustina ni nani?

Ni kifungua mimba wao. Mwalimu alimwacha mdogo alipokwenda vitani. Barua zikakatika, watu wakasema amekufa, na kaka zake Mwalimu wakapokea jembe la Yustina. Nani angemsikiliza mwanamke ambaye mumewe hajulikani kama yu hai? Mwalimu aliporudi kutoka Bama alikuta ng'ombe zizini na mtoto hayupo. Kaka zake wakamwambia kwa furaha kwamba wamemtunzia mali. Alivuka mpaka kwa miguu kumtafuta, akampata mbali, upande wa Nakonde, ana mtoto mgongoni. Yustina alimtambua. Akamwambia, "Baba, umechelewa."

"Maziwa ya ng'ombe wale hakuyanywa hata siku moja," alisema Mama Yustina. "Watoto wanywe, yeye hapana. Na yule mwekundu uliyemwona alikuwa wa uzao wao. Siku tuliporudi kutoka kwenu alilala usingizi mpaka jua likatoka. Tangu vita sikuwa nimemwona analala hivyo."

Nililia palepale juu ya maharage ya watu. Nilikuwa nimempa sifa ya wema mtu ambaye alikuwa anapigana. Vita vyake havikuishia Bama. Alivileta mpaka kwenye uwanja wetu wa majivu, akavipiga kwa mabenchi na ng'ombe mmoja, bila kunilazimisha mimi kuwa askari wake.

Binti yangu wa kwanza alipofika darasa la saba, ndugu wa baba yake walikuja nyumbani jioni na maneno laini na jembe jipya la mposaji, limefungwa kitambaa. Waliniamkia vizuri. Wakaeleza, wakazunguka, wakasifu ng'ombe. Sikio langu la kushoto ni zima kabisa, halijawahi kusikia bomu. Niliwageuzia hilo, nikainamisha kichwa kwa adabu, nikasubiri wamalize.