Majani Aliyoyapangusa Mama

Mama alipofariki sikutaka vyombo wala nguo. Dada zangu waligawana sufuria na blanketi pale Kiganjo, mimi nikaenda moja kwa moja nyuma ya bafu, kwenye mche wa kahawa uliojiotea wenyewe chini ya mti mkubwa. Mwenye ploti alikuwa ameshatuambia vile vyumba vya mabati vinabomolewa apandishe ghorofa. Mti mkubwa haungebebeka. Mche ulinifika magotini, na hakuna jani lake ambalo mama hakuwa amelipangusa kwa pindo la leso. Vumbi la barabara lilikuwa linamkera kweli. "Jani likiziba litakula nini?" alikuwa akisema, huku akiligeuza aangalie upande wa chini, kama anakagua masikio ya mtoto.

Miti ya kahawa iko mingi. Mimi nilitaka majani yale, kwa sababu ya vidole vyake.

Nikauleta Ruiru ndani ya mtungi wa mafuta ya kupikia niliokata shingo. Nyumba yangu haina baraza, kwa hivyo niliupandisha juu ya paa tunapoanika nguo, nikautafutia mahali penye jua la kutosha. Jua la kutosha! Mimi niliyekua nikimwona mama akichomeka matawi kuzunguka miche ili ipate kivuli, nikausimamisha mtoto wa kivulini katikati ya zege, mwezi wa Januari. Na udongo nilichota pale wanapojenga jirani, murram tupu, ule udongo mwekundu wa kumwaga barabarani, na mabaki ya simiti.

Kufikia Jumapili majani yalikuwa na mabaka ya kahawia, makavu, yanavunjika ukiyagusa. Ghai, nililia. Nililia kuliko siku ya mazishi, maana siku ya mazishi kulikuwa na watu wa kupikia.

Jirani yangu, mama mmoja wa kutoka Kakamega, alinikuta nimepiga magoti kando ya mtungi. Akaweka beseni lake chini.

"Mayi! Ni mti unalilia hivyo?"

"Ni wa mama."

Jirani akatoa pazia kwenye beseni, akalifunga kwenye kamba likaleta kivuli. "Hii hata sikuwa naitaka," akasema. Lilikuwa limetoka kufuliwa.

Nikaumwagia maji ya mchele, makapi ya chai, maganda ya mayai niliyoyaponda. Wapi! Jani la kahawa lililolelewa kivulini huwa pana na jembamba, limetandazwa lishike ule mwanga kidogo unaofika. Jua kali likilipiga ghafla linaungua, na likishaungua haliponi. Halafu yale ya chini yakaanza kugeuka manjano. Hilo nililijua tangu utotoni: udongo ukiwa hauna kitu, mti hunyonya chakula kilichobaki kwenye jani la zamani ukalipelekea changa. Nilijua, na bado nilikasirika. Nikauambia kwa sauti, wachana na hayo, hayo ni ya mama. Jirani akacheka mpaka akashikilia kamba. "Sasa unaugombeza?"

Haukunisikia. Kwenye ncha yakatokea majani mawili, kwanza ya rangi ya shaba, kisha ya kijani. Yalikuwa madogo, manene, yanang'aa kama yamepakwa nta, yamekunja kingo kidogo ili jua lisiyapige bapa. Jirani akawa analisogeza pazia kidogo kidogo, mpaka siku moja akalichukua akaenda kulitundika dirishani kwake. Mti ulikuwa umepona. Kila mtu pale kwenye paa alifurahi isipokuwa mimi.

Jana nilipanda na nguo. Lilikuwa limebaki jani moja tu la Kiganjo, manjano kabisa. Nilitaka kuligeuza tu. Likabaki mkononi. Jamani. Nilikaa pale nalo, jua likinichoma shingo, nikamtamani mama vibaya sana, hata aniite tu kwa kelele kutoka bombani nikambebee maji.

Lori za mchanga zilikuwa zimepita asubuhi, na yale majani mawili yalikuwa yamejaa vumbi. Haya mama hakuwahi kuyaona. Nikavuta pindo la leso yangu, nikalitemea mate kidogo kama alivyokuwa akifanya, nikaanza kupangusa.