Sudi na Maji Moto wa Mpakani

Hasira za Sudi, mkulima wa pembeni ya Madimba, zilikuwa moto wa makuti: huwaka ghafla, huzimika ghafla, ila kilichoungua kimeungua. Mikorosho aliyoachiwa na baba yake ilipoanza kukauka machipukizi, hakutazama mti wala mdudu. Alitazama watu. Na mtu wa karibu alikuwa Faraji, mdogo wake wa tumbo moja, aliyepakana naye mashamba, ambaye mikorosho yake ilichanua ikapendeza.

"Yake mizima, yangu inakufa. Hapo mnataka niambiwe nini tena?" aliwauliza wenzake msikitini.

Faraji aliapa kwamba hakugusa kitu. Kiapo hakikumtosha Sudi. Akaita masheikh, ikasomwa halbadiri uani kwake, mchana kweupe, Faraji akiwa amekaa palepale. Aliyeua mikorosho hii, Sudi akaomba, Mungu amtenge na nduguze, akose hata wa kumzika. Watu wakaitikia amina. Faraji naye akaitikia, tena kwa sauti kuliko wote. Wiki ileile akafunga virago, akahamia mjini, Rahaleo, na mkewe. Nani angekaa jirani na ndugu aliyemsomea halbadiri?

Sudi akabaki na bintiye Nuru, na katuni ya kwenye simu. Tusimcheke, mtu mzima aliipenda kuliko mtoto. Ilihusu familia ya buibui wapelelezi waliosaka wahalifu katika mji wa wadudu. Baba buibui alikuwa na neno lake: "Usiulize nani kaja. Uliza nani hayupo." Kila akilisema, Sudi hupiga goti lake kwa furaha.

Asubuhi moja wakipalilia, Nuru akajifanya buibui. Akazunguka mikorosho, akageuza majani, akavuka mpaka hadi shambani kwa Faraji, akarudi anajikuna shingo.

"Baba, kwa baba mdogo wale sisimizi wekundu, maji moto, wamejaa mitini, wameniuma! Wanawakamata wale mbu wa mikorosho wanaofyonza machipukizi. Huku kwetu mbu tele, maji moto hata mmoja hayupo. Wetu wamekwenda wapi?"

Jembe likamponyoka Sudi. Alijua walikokwenda. Msimu uliopita, alipokuwa anapogoa, maji moto walimuuma sikio. Akafunga makuti kwenye ufito mrefu, akayawasha, akavichoma viota vyote, kimoja baada ya kingine. Faraji alimwambia, "Kaka, waache hao, ndio walinzi wetu." Sudi akamtukana.

Dua la kuku halimpati mwewe, husema watu. Hawasemi likimrudia kuku mwenyewe itakuwaje.

Alipanda bodaboda mpaka Rahaleo, akamweleza Faraji yote bila kujitetea. Aliona aibu, na aliogopa.

Faraji alimsikiliza hadi mwisho.

"Nimekusamehe, kaka," akasema. "Lakini siku ile niliitikia amina kwa uchungu wa moyo wangu wote. Kukaa nawe tena siwezi. Nikikuona, naisikia."

Sudi akarudi peke yake. Nuru alikuwa akimngojea mlangoni.

"Mhalifu tumempata, baba. Sasa baba mdogo anarudi lini?"

Akampa simu atazame katuni yake. Yeye akaenda akavuka mpaka, akaketi chini ya mkorosho wa Faraji. Maji moto wakamshukia mabegani, wakapanda shingoni, wakamuuma sikio lilelile. Hakuwapangusa.